MySQL Imekataa Kuwaka kwenye Mac: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Ruhusa za Faili

Karibu kila anayenipigia simu kuhusu tatizo hili huwa ameshaandika `chmod -R 777`, amri ya kuwafungulia watu wote ruhusa za faili, kabla ya kunitafuta. Wengine wameirudia mara mbili, mara tatu, wakitumaini. Seva ya MySQL, programu inayotunza hifadhidata, bado imelala, wateja wamepanga foleni, na sasa faili zote za hifadhidata ziko wazi kwa yeyote mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo.

Wa mwisho alikuwa mhasibu wa ofisi ndogo hapa Nairobi, upande wa Ngong Road, wanaoweka hesabu zao kwenye Mac mini moja iliyo chini ya meza.

"Fundi, nimefuata kila kitu na bado," akaniambia.

"Dada, andika `sudo ls -ld /usr/local/mysql/data`, halafu unisomee neno la tatu."

Akanyamaza kidogo. "Limeandikwa root."

Basi tatizo lilikuwa hapo. Mtu alikuwa amerudisha faili kutoka kwenye nakala ya zamani kwa kutumia `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, na kila kitu kikawa mali ya `root`, akaunti kuu ya mfumo. Hata ungefungua ruhusa kiasi gani, mwenye mali alikuwa amebadilika. Ndiyo maana katika mwongozo huu swali la kwanza si "niweke ruhusa gani?" bali "seva hii inaendeshwa na akaunti ipi?" Ukilijibu hilo, kazi kubwa imekwisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti ya msimamizi kwenye Mac hiyo, pamoja na nenosiri lake. Hili ni nenosiri la Mac, si la MySQL.
- Programu ya Terminal. Imo ndani ya Applications, kwenye Utilities.
- Diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ukubwa wa data yako.
- UPS, ikiwa unatumia Mac mini au iMac. Umeme ukipepesa wakati nakala inatengenezwa, utabaki na nakala nusu ambayo utaiamini kimakosa.
- Saa moja ambayo hakuna mtu anayehitaji mfumo. Waambie wenzako waandike risiti kwa mkono hadi umalize.

## Kusoma mstari wa ruhusa

Utakutana na mistari ya namna hii:

```
drwxr-x---  28 _mysql  _mysql  896 Mar  4 09:12 data
```

Herufi ya kwanza, `d`, inasema hii ni folda. Tatu zinazofuata ni za mmiliki, tatu za kundi, na tatu za mwisho ni za watu wengine wote. `r` ni kusoma, `w` ni kuandika. `x` kwenye folda ni haki ya kupita ndani yake, na hii ndiyo inayosahaulika. Baada ya namba huja jina la mmiliki, kisha jina la kundi.

Fikiria jengo la ofisi pale mjini. Una ufunguo wa chumba ghorofa ya nne, lakini askari wa getini amekuzuia. Ufunguo haukusaidii. Faili nayo ni hivyo hivyo: seva lazima ipite kila folda iliyo njiani, kuanzia ya juu kabisa.

## Hatua ya 1: Soma logi, usikisie

Logi ni faili ambamo seva huandika makosa yake. Ikiwa MySQL uliisakinisha kwa kifurushi rasmi cha `.dmg`:

```
sudo tail -n 60 /usr/local/mysql/data/mysqld.local.err
```

Ikiwa uliisakinisha kwa Homebrew, chombo cha kusakinishia programu kupitia Terminal (amri zake huanza na `brew`):

```
tail -n 60 "$(brew --prefix)"/var/mysql/*.err
```

Hii ya pili ikikataa kusoma, tayari umepata dalili: folda ambayo ingekuwa yako si yako tena.

Tafuta neno `ERROR`, kisha namba iliyo karibu nalo. Namba hiyo hutoka kwenye mfumo wa kompyuta wenyewe, nayo ndiyo itakayokuelekeza:

- 13, `Permission denied`: mmiliki au ruhusa si sahihi. Endelea na hatua zote.
- 1, `Operation not permitted`: mara nyingi macOS yenyewe imezuia. Hatua ya 7 na ya 8 ndizo zako.
- 2, `No such file or directory`: faili haipo au njia imeandikwa vibaya. Ruhusa hazihusiki.
- 28, `No space left on device`: diski imejaa.
- 35, pamoja na maneno `Unable to lock ./ibdata1`: kuna `mysqld` (ndiyo seva yenyewe) nyingine inayoendelea na imeshika faili. Usiguse ruhusa. Izime hiyo kwanza.

Kuna ujumbe mmoja unaowapoteza wengi: `Access denied for user 'root'@'localhost'`, kosa namba 1045. Huu hauhusiani kabisa na ruhusa za faili. Seva yako iko hai, imekusikia, na imekataa nenosiri lako la MySQL. Ukianza kubadilisha wamiliki wa faili kwa sababu yake, utaivunja seva iliyokuwa nzima.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja ni faili gani imekataliwa na kwa namba gani.

## Hatua ya 2: Jua ni MySQL ipi, na inaendeshwa na nani

```
ls -d /usr/local/mysql /opt/homebrew/var/mysql /usr/local/var/mysql
```

Njia zisizokuwepo zitalalamikiwa, na hilo ni sawa. Inayokubali ndiyo yako.

`/usr/local/mysql` ni ya kifurushi rasmi. Seva yake huendeshwa na akaunti maalumu iitwayo `_mysql`, ambayo huja na macOS na haitumiwi na mtu kuingia kwenye kompyuta. Ithibitishe kwa `id _mysql`; utaona `uid=74`.

`/opt/homebrew/var/mysql` ni ya Homebrew kwenye Mac zenye chipu za Apple, na `/usr/local/var/mysql` ni ya Homebrew kwenye Mac za Intel. Hapa hakuna `_mysql`. Seva huendeshwa na akaunti yako mwenyewe, ile uliyoandikia `brew services start mysql`.

Tofauti hii ndiyo inayowaangusha watu. Unakuta ushauri mahali, unasema fanya `chown` (badilisha mmiliki) kwa `_mysql`, unautumia kwenye Mac yenye Homebrew, na seva iliyokuwa inakohoa inakata pumzi kabisa.

Ukikuta zote mbili zipo, simama. Mara nyingi ya pili ilisakinishwa na mtu aliyekuwa akihangaika kurekebisha ya kwanza. Tazama ipi ina data:

```
sudo du -sh /usr/local/mysql/data /opt/homebrew/var/mysql
```

Kubwa zaidi kwa kawaida ndiyo yenye kazi ya miaka. Angalia pia faili ya mipangilio ya MySQL, `/etc/my.cnf`, au `my.cnf` iliyo ndani ya `$(brew --prefix)/etc`, kama kuna mstari wa `datadir` unaoelekeza kwingine. Ukiupata, njia hiyo ndiyo utakayoitumia katika amri zote zinazofuata.

Umefaulu ikiwa: una vitu viwili umeviandika kwenye karatasi, njia ya folda ya data na jina la akaunti inayopaswa kuimiliki.

## Hatua ya 3: Izime seva kwelikweli

Kwa kifurushi rasmi:

```
sudo launchctl unload -F /Library/LaunchDaemons/com.oracle.oss.mysql.mysqld.plist
```

Kwa Homebrew:

```
brew services stop mysql
```

Kisha hakikisha:

```
ps axo user,pid,command | grep '[m]ysqld'
```

Kusiwe na jibu lolote. Kukiwa na mstari, neno la kwanza litakuambia nani anaiendesha. Ukiona `root` kwenye Mac ya Homebrew, kuna mtu aliyeandika `sudo brew services start mysql`. Amri hiyo hufanya baadhi ya folda za MySQL kuwa mali ya `root`, na baadaye akaunti yako ya kawaida inazuiwa kwenye vitu vyako. Izime kwa njia ile ile iliyowashwa, yaani `sudo brew services stop mysql`, na usiirudie tena kuiwasha kwa `sudo`.

Nakuomba usitumie `kill -9`. Inaikata seva katikati ya kuandika, na hapo tatizo la ruhusa linaweza kugeuka kuwa tatizo la data.

## Hatua ya 4: Nakala kwanza

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo pekee nisiyokubali kuiruka hata mteja akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Diski nyingi za nje tunazonunua Luthuli Avenue huja zikiwa na mfumo wa exFAT. Mfumo huo hauhifadhi jina la mmiliki wala ruhusa za faili, kwa hiyo ukikokota folda na kuibandika humo, taarifa ile ile tunayoihitaji inapotea. Dawa ni kuifunga folda ndani ya faili moja ya `tar`, ambayo hubeba wamiliki na ruhusa ndani yake:

```
sudo tar -cpf /Volumes/NAKALA/data-kabla.tar -C /usr/local/mysql data
```

Badilisha `NAKALA` liwe jina la diski yako. Kwa Homebrew, weka `-C "$(brew --prefix)/var" mysql` mwishoni, badala ya `-C /usr/local/mysql data`. Kama diski ni FAT32, faili ikifika GB 4 itakatika. Tumia diski nyingine.

Kisha ifungue uone kama inasomeka hadi mwisho, na uhifadhi picha ya ruhusa zilivyo sasa (kwa Homebrew, hapa na katika hatua ya 6 na ya 7, weka `"$(brew --prefix)/var/mysql"` mahali pa `/usr/local/mysql/data`):

```
tar -tf /Volumes/NAKALA/data-kabla.tar | tail
sudo ls -leOR /usr/local/mysql/data > ~/ruhusa-kabla.txt
```

Umefaulu ikiwa: `tar -tf` imeorodhesha majina ya faili bila kulalamika, na `ruhusa-kabla.txt` ina maandishi.

## Hatua ya 5: Rudisha mmiliki

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Kifurushi rasmi:

```
sudo chown -R _mysql:_mysql /usr/local/mysql/data
```

Homebrew, ukiwa umeingia kwa akaunti ile inayoendesha seva:

```
sudo chown -R "$(whoami)":admin "$(brew --prefix)/var/mysql"
```

Kama `sudo brew services` ilitumika, rekebisha na programu yenyewe:

```
sudo chown -R "$(whoami)":admin "$(brew --prefix)/Cellar/mysql"
```

Baada ya hapo andika `brew doctor`. Itakutajia folda nyingine yoyote iliyobaki mikononi mwa `root`.

Tahadhari: soma njia mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Nafasi moja isiyotakiwa baada ya `/` inatosha kubadilisha wamiliki wa kompyuta nzima. Wala usifanye `chown -R` kwa `/usr/local` yote. Humo mna vitu vya programu nyingine.

Mmiliki hubadilika vipi mwenyewe? Habadiliki mwenyewe. Kuna mtu aliyenakili faili kwa `sudo cp`, au aliyewasha `mysqld` kama `root` kujaribu jambo, au data imehamishwa kutoka Mac nyingine. Hii ya mwisho inastahili maelezo. Kompyuta haikumbuki jina la mmiliki, inakumbuka namba. Akaunti ya kwanza unayounda kwenye Mac hupewa 501, ya pili 502. Kama kwenye Mac ya zamani ulikuwa 502 na kwenye mpya wewe ni 501, faili zako zimefika zikiwa mali ya mtu mwingine au ya mtu asiyekuwepo. `ls -ln` huonyesha namba badala ya majina, na hapo utaliona jambo hilo waziwazi.

Amri ya `chown` ikijibu `Operation not permitted` ingawa umetumia `sudo`, ruka kwanza hadi hatua ya 7, kisha urudi hapa.

## Hatua ya 6: Weka ruhusa zinazofaa

Folda na faili hazitaki ruhusa sawa, kwa sababu folda inahitaji `x` ya kupitia na faili ya data haiihitaji. Ndiyo maana tunazitenganisha:

```
sudo find /usr/local/mysql/data -type d -exec chmod 750 {} +
sudo find /usr/local/mysql/data -type f -exec chmod 640 {} +
sudo find /usr/local/mysql/data -type f \( -name '*-key.pem' -o -name 'private_key.pem' \) -exec chmod 600 {} +
```

750 ni `rwxr-x---` na 640 ni `rw-r-----`; ndizo MySQL yenyewe huzitumia inapounda folda na faili mpya. Mstari wa tatu unafunga funguo za siri za usimbaji, zisomwe na mmiliki peke yake.

Sasa, kuhusu 777. Mosi, haibadilishi mmiliki. Pili, faili mpya zitakazoundwa kesho hazitakuwa 777, kwa hiyo tatizo litarudi. Tatu, ukiipaka hadi kwenye `my.cnf`, MySQL itaipuuza faili hiyo na kuandika `World-writable config file '/etc/my.cnf' is ignored`, kisha seva itawaka na mipangilio ya kawaida na pengine kutafuta data mahali pasipo. Kama `my.cnf` yako imeshaguswa:

```
sudo chmod 644 /etc/my.cnf
```

Na lipo la nne, ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Humo mna majina ya watu, namba zao za simu, malipo yao ya M-Pesa, karo za watoto wao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka taarifa za watu azilinde, na folda ambayo kila akaunti kwenye kompyuta inaweza kuisoma na kuiandika haijalindwa.

## Hatua ya 7: Vizuizi vya Mac visivyoonekana kwa `ls -l`

Mac ina tabaka mbili zaidi. Zitazame:

```
sudo ls -leO /usr/local/mysql/data
```

Ukiona alama ya `+` mwishoni mwa ruhusa, na chini yake mstari kama `0: group:everyone deny delete`, hiyo ni orodha ya udhibiti wa ziada. Mac huisoma kabla ya ruhusa za kawaida, kwa hiyo `deny` iliyomo inashinda hata 777. Iondoe:

```
sudo chmod -R -N /usr/local/mysql/data
```

Ukiona neno `uchg`, faili imefungwa isibadilishwe, sawa na kutia alama kwenye kisanduku cha Locked katika Finder:

```
sudo chflags -R nouchg /usr/local/mysql/data
```

Alama ya `@` peke yake iache, mara nyingi haina neno.

Tahadhari: `chmod -R -N` ni ya folda ya data tu. Usiitumie kwenye folda yako ya nyumbani. Orodha zilizomo humo ziliwekwa na macOS ili Documents na Desktop zisifutwe kwa bahati mbaya.

## Hatua ya 8: Kagua mageti yote ya njiani

Kama data iko mahali pake pa kawaida, pita. Hatua hii ni ya walioihamisha, kwa kawaida kwenye diski ya nje au ndani ya Documents.

Jaribu kupita kama seva yenyewe:

```
sudo -u _mysql ls /Volumes/DATA/mysql
```

Ikikataa, panda juu folda moja moja kwa `ls -ld` hadi uipate isiyo na `x` kwa `_mysql`.

Kwa diski ya nje, tazama mambo mawili:

```
diskutil info /Volumes/DATA
```

Mstari wa `Owners` ukisema `Disabled`, Mac haizingatii wamiliki wa faili kwenye diski hiyo, na `chown` yako ya hatua ya 5 haikuwa na maana. Washa kwa `sudo diskutil enableOwnership /Volumes/DATA`. Ikiwa mfumo wa faili ni exFAT, hilo haliwezekani. Hamisha data, iumbe diski upya (format) kwa APFS, mfumo wa faili wa Mac, kisha uirudishe.

Jambo la pili ni ulinzi wa faragha. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, Desktop, Documents, Downloads na diski za kuchomeka haziguswi na programu bila idhini ya mtumiaji. Programu ya kawaida hukuonyesha kidirisha cha kuomba. Seva inayowaka yenyewe nyuma ya pazia haina wa kumwonyesha kidirisha, inazuiwa tu kwa kosa namba 1. Na hapa pana mtego: jaribio la `sudo -u _mysql ls` linaweza kufaulu kwa kuwa Terminal yako imeshapewa idhini, ilhali seva haijapewa. Ukiona jaribio limepita na logi bado inasema `Operation not permitted`, hapo ndipo pa kuangalia.

Maoni yangu ni kwamba hifadhidata isikae kwenye folda hizo hata kidogo. Irudishe kwenye diski ya ndani, mahali pake, na diski ya nje iwe ya nakala.

## Hatua ya 9: Mabaki kwenye /tmp

Logi ikitaja `/tmp/mysql.sock.lock`, kuna faili ya kufuli iliyoachwa na seva iliyowashwa kama `root`. Ukiwa na hakika hakuna `mysqld` inayoendelea (rudia amri ya `ps` ya hatua ya 3), ifute:

```
sudo rm -f /tmp/mysql.sock /tmp/mysql.sock.lock /tmp/mysqlx.sock /tmp/mysqlx.sock.lock
ls -ld /private/tmp
```

Jibu lianze na `drwxrwxrwt`. Kama `t` ya mwisho haipo: `sudo chmod 1777 /private/tmp`. Hapa pekee ndipo ruhusa ya wote ilipo halali, na hiyo `t` huzuia mtu kufuta faili ya mwenzake.

## Hatua ya 10: Washa, kisha thibitisha

```
sudo launchctl load -F /Library/LaunchDaemons/com.oracle.oss.mysql.mysqld.plist
```

au, kwa Homebrew, `brew services start mysql` bila `sudo`.

Rudia amri ya logi ya hatua ya 1. Unatafuta maneno `ready for connections`. Rudia na ile ya `ps`: neno la kwanza liwe akaunti uliyoandika kwenye karatasi.

Seva kuwaka hakutoshi, kwa sababu inaweza kusoma na isiweze kuandika. Ingia kwa `/usr/local/mysql/bin/mysql -u root -p`, au `mysql -u root -p` kwa Homebrew, uiombe iunde kitu:

```
CREATE DATABASE jaribio;
DROP DATABASE jaribio;
```

Zikipita zote mbili, seva inaweza kuunda folda na kuifuta. Kisha kagua majedwali, kwa kuanza na `/usr/local/mysql/bin/` ikiwa una kifurushi rasmi:

```
mysqlcheck -u root -p --all-databases
```

Kila jedwali linapaswa kujibiwa `OK`. Mwisho zima Mac na uiwashe, halafu uangalie tena, maana umeme utakatika siku moja na unataka kujua leo kama seva itaamka yenyewe.

Kama kila kitu kinakwenda ila kuingiza faili kwa `LOAD DATA INFILE` kunakataa, andika `SHOW VARIABLES LIKE 'secure_file_priv';`. Jibu likiwa `NULL`, MySQL yenyewe imefunga njia hiyo, na hakuna `chmod` itakayoifungua. Inabadilishwa ndani ya `my.cnf`.

Ile `data-kabla.tar` iweke kwa wiki moja ya kazi ya kawaida, diski ikiwa imefungiwa kwenye droo, kwa kuwa kwenye exFAT yeyote atakayeichomeka anaweza kuisoma. Wiki ikipita bila tatizo, ifute.